Kuoka mafini nyumbani baada ya msiba

SWALI: Mhariri, shikamoo. Tangu tumzike mama, dada yangu mdogo hali chakula vizuri wala hazungumzi. Zamani tulipenda kuoka mafini (keki ndogo za kikombe) pamoja. Je, yafaa kuoka wakati huu wa majonzi, na nitaokaje bila oveni? Msomaji, Jinja.

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Yafaa kabisa, mradi umwalike dada yako bila kumlazimisha, kwani kazi ya mikono isiyohitaji maneno mengi humpa mfiwa nafasi ya kuwa pamoja na wenzake bila kutakiwa kueleza uchungu wake.

Mpe aponde bogoya (ndizi tamu) 3 zilizoiva hadi maganda yakapata madoa meusi, kisha achanganye na mayai 2, nusu kikombe cha sukari na theluthi moja ya kikombe cha mafuta. Ongezeni vikombe 2 vya unga wa ngano na vijiko vidogo 2 vya hamira ya keki (baking powder), mkikoroga mpaka unga mkavu usionekane tena, basi. Mkizidisha, mafini zitakuwa ngumu. Madonge madogo yasiwatie wasiwasi.

Pasheni moto sufuria nzito yenye mchanga mkavu juu ya sigiri, pangeni ndani vikombe vya bati vyenye mchanganyiko huo, funikeni na kuweka makaa machache juu ya kifuniko. Baada ya dakika 25 hivi, chomeni kijiti katikati. Kikitoka kikavu, zimeiva.

Hata hivyo, akiendelea kukataa chakula, mpeleke kituo cha afya bila kukawia.