Maswali na majibu: Dawa ya nini, ya nani?

Ukiniandikia "mmea wangu unaumwa, nitajie dawa", sitajibu. Mmea gani? Jani limekuwaje? Umekata shina ukaona nini? Haya, tuanze na waliojieleza.

Mihogo yangu majani yamejikunja na yana mabaka ya njano. Nimepuliza dawa ya ukungu mara tatu, haiponi. Niongeze dozi? – Mkulima, Mkuranga

Usiongeze, umeshatupa hela za kutosha. Hiyo ni batobato, na batobato ni kirusi. Dawa ya ukungu inaua fangasi, ambaye ana seli zake na ukuta wake, kwa hiyo kuna kitu cha kushambulia. Kirusi hakina seli. Ni vinasaba vilivyofungwa ndani ya gamba la protini, na kikishaingia kwenye seli ya mhogo kinaitumikisha hiyo hiyo izae virusi vingine. Ugonjwa huu uliandikwa kitaalamu mwaka 1894 katika nchi hii hii, enzi za Mjerumani, na mpaka leo dawa ya kuutibu shambani haipo. Anayekuuzia hiyo dawa dukani ama hajui, ama anajua na anakutazama tu.

Ng'oa mashina yaliyougua, uyachome. Inzi weupe hueneza, lakini mwenezaji mkubwa ni wewe unayebeba pingili kwa jirani bila kuzikagua. Na hapo kuna mtego: batobato unaiona kwenye jani, ila michirizi ya kahawia (kirusi kingine, mtafiti Storey alikieleza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani) inaweza kukuachia shamba la kijani kabisa, na siku ya kuvuna ukikata muhogo unakuta madoa makavu ya kahawia ndani. Kabla ya kuomba pingili, chimba shina moja ukate. Aina ya mhogo iitwayo Kiroba nayo inavumilia michirizi, sijasema haiugui.

Kisamvu cha mhogo wenye batobato kinaliwa?

Kinaliwa. Kirusi cha mhogo hakina shida na wewe. Kitakachokudhuru ni kisamvu ambacho hakijatwangwa na kuiva.

Kirusi kimo kwenye himaya ipi kati ya zile tano za viumbe hai? – Mwanafunzi, kidato cha kwanza

Hakimo. Swali hili linakuja kila muhula, na kila muhula kuna anayeniandikia Monera. Monera ni bakteria, wenye seli kamili. Virusi vina mpangilio wao wa pembeni, na kamati yake ya kimataifa. Himaya tano zenyewe ni za mwanabiolojia Whittaker, mwaka 1969. Mwaka 1977 mwanasayansi mwingine, Woese, alionyesha kuwa ndani ya hiyo Monera kulikuwa na makundi mawili yaliyoachana zamani mno. Kwenye mtihani andika tano, lakini usije ukaapa nazo.

Uyoga ni mmea?

Si mmea. Hauna klorofili, na kuta za seli zake ni za kitini, ambayo imo pia kwenye gamba la kamba na la mende.

Mwembe wetu ulichunwa gome kuzunguka shina, ukakauka. Mbona minazi inachongwa vidato vya kupandia tangu enzi za babu na haifi? – Pangani

Hili ndilo swali la mtu anayetazama. Kwenye mwembe, floemu inayoteremsha sukari kutoka majanini iko upande wa ndani wa gome. Ukichuna duara zima, mizizi inakosa chakula. Majani hubaki mabichi kwa muda kwa sababu zailemu iliyo ndani ya mti bado inapandisha maji, na ndiyo maana watu husema "mbona haujafa?" Wachimba dawa, chuneni upande mmoja!

Mnazi hauna gome la namna hiyo. Mirija yake imetawanyika shina zima, kila fungu na zailemu na floemu yake, kwa hiyo kidato kinakata mafungu machache na mengine yanaendelea na kazi. Lakini mnazi hauna kambiamu, ile tishu inayounenepesha mwembe na kuziba kidonda chake. Tazama mnazi wa zamani: kidato kimebaki na kina kile kile, kingo zimekauka tu. Mnazi una moyo mmoja juu, na mdudu chonga akiumaliza, mti umekwisha. Bila kambiamu hakuna kubebesha pia, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Ukiletewa "mnazi wa kubebesha", mfukuze muuzaji.

Nimenunua migomba ya tishu, nikaambiwa haiugui. Sasa inanyauka. Nichanganye antibiotiki ya kuku na maji nimwagilie? – Karagwe

Miche ya tishu hutoka maabara ikiwa safi. Ikishafika shambani inaugua kama migomba mingine, na muuzaji alipaswa kukwambia. Kata mgomba: ukitoka usaha wa njano, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, na panga ulipitishe motoni au kwenye jiki kabla hujagusa mgomba mwingine. Kwa migomba iliyobaki, mkungu ukishatoa chane ya mwisho vunja ua dume kwa kijiti cha panda, maana wadudu hubeba bakteria kutoka ua hadi ua. Antibiotiki ya kuku mwachie daktari wa mifugo.