Jibu: Njiwa kakatwa manyoya ya bawa la kulia, anaruka kombo

Salama mkuu. Umesema ulimpunguza manyoya bawa la kulia asitoroke, sasa akiruka anapinda kulia hadi anagonga ukuta.

Mkunjue bawa kwanza, uhesabu. Njiwa ana manyoya marefu 10 ya ncha kwa kila bawa. Hayo humsukuma mbele. Yanayofuatia kuelekea mwilini ndiyo hasa humbeba. Bawa lililopunguzwa linabeba kidogo, lenzake linamgeuza. Kisha tazama kale kafungu kadogo ka manyoya kwenye kidole gumba cha bawa, kama umekaacha. Akitaka kutua hukainua, hewa isiachane na bawa kasi ikipungua. Ukikaondoa, anatua kama jiwe.

Ukitaka kuona manyoya kamili yanavyofanya kazi, nenda mwaloni Kibirizi, Kigoma, uwaone mwewe wanaovizia dagaa walioanikwa: ncha za mabawa zimeachana kama vidole, mkia unapinda huku na huku.

Njiwa wangu, hapa Ujiji, nilimkata vivyo hivyo nikangoja mwezi yaote. Wapi! Unyoya uliokatwa haurefuki. Kishina hukaa mpaka kipukutike chenyewe, ndipo mpya uote. Usiving'oe vishina hivyo, utamuumiza. Mshushie kitagio karibu na ardhi, na paka wa jirani umchunge.