Duka Liko Wazi, Wewe Je?

Hapa Mombasa kuna wenye biashara ndogo wengi ambao korona haikuwafunga duka, lakini moyo wao ulishatoka dukani. Wanafungua saa nne, wanakaa na simu, alasiri wanateremsha mlango. Kama nawe uko hivyo, nakuandikia wewe.

Mimi nauza leso na kushona madera karibu na Biashara Street. Aprili 2020 kaunti yetu ilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na wateja wangu wa jumla wa Malindi na Lamu wakakatika. Mei ukafungwa Mji wa Kale. Harusi zilikuwa zimesimama, na leso bila harusi utamuuzia nani? Hadi kafyu inaondolewa Oktoba 2021, wengi wetu tulikuwa tumeshakula mtaji.

Kilichonisaidia ni kujiuliza kwa nini bado nipo. Wataalamu wawili wa Canada, John Meyer na Natalie Allen, waliandika mwaka 1991 kwamba mtu hubaki na kazi yake kwa sababu anaipenda, au anaogopa atakachopoteza akiondoka, au anaona ana wajibu wa kubaki. Walikuwa wakizungumzia walioajiriwa, lakini mwenye duka naye apimwe hivyo hivyo.

Hofu ya hasara naijua: gudwili, ile pesa niliyolipa kupewa chumba cha duka, majora yaliyojaa rafuni, mkopo. Hofu hiyo itakufikisha dukani asubuhi, ila haitakufanya utafute mteja mpya. Ukiona ni hiyo tu inayokushika, punguza. Rudisha chumba, uzia nyumbani kwa WhatsApp na bodaboda. Nawajua waliofanya hivyo na sasa wanalala usingizi. Si aibu hata kidogo.

Mapenzi hayalazimishwi. Mimi bado nafurahi mama anaposhika leso, akasoma jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, akacheka peke yake kisha akauliza bei.

Lakini kwa maoni yangu wajibu ndio uliotuvusha, na wajibu huo hujengwa na ukweli. Mshahara uliponishinda, nilimfungulia fundi wangu daftari la mauzo akaona mwenyewe. Tukakubaliana nusu mshahara, nusu nyingine iandikwe deni, na cherehani aende nayo kwake ashone barakoa, pesa iwe yake. Biashara ilipoanza kurudi nililipa deni lile kwanza, kabla ya kuagiza mzigo mpya. Rafu zilikuwa nusu tupu na wateja walinung'unika, lakini fundi aliona. Baadaye duka kubwa lilimwita kwa pesa zaidi, akakataa. Sikumwomba abaki.

Ndiyo maana naumia nikisikia mwenzangu akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawatulii kazini, ilhali hajawahi kuwaambia duka linaingiza nini wala lini watalipwa chao. Mtu hawezi kujifunga na kitu anachofichwa.

Basi anza na daftari la mwezi huu. Waonyeshe unaofanya nao kazi, hata kama ni mmoja. Na kama una deni la mshahara tangu wakati ule, lilipe kidogo kidogo kwa M-Pesa kila Ijumaa, na kila ukituma mwambie limebaki kiasi gani.