Ufunguo wa SSH umewekwa cPanel lakini seva inakataa

Kuuingiza tu ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) ndani ya cPanel, paneli ya kusimamia hosting, hakutoshi. Rudi SSH Access, fungua Manage SSH Keys, bonyeza Manage kando ya ufunguo wa umma, kisha Authorize. Kabla ya hapo haumo kwenye authorized_keys, faili la funguo zinazokubaliwa, ndiyo maana unajibiwa Permission denied.

Ukikataliwa bado, ingia File Manager, onyesha mafaili yaliyofichwa, weka ruhusa za folda ya .ssh ziwe 700 na za authorized_keys ziwe 600, yaani wewe tu ndiye unayeweza kuzisoma na kuziandika. Folda yako kuu nayo isiwe 777 (yeyote anaweza kuiandika), tafadhali sana: StrictModes, mpangilio wa OpenSSH (programu ya SSH kwenye seva) unaokagua ruhusa na ambao kwa kawaida umewashwa, itaukataa ufunguo na sababu hubaki kwenye logi za seva tu. Hakikisha pia poti (namba ya mlango wa kuunganishia), maana si wote wanaotumia 22, na vifurushi vingine vya hosting havina SSH kabisa.