Tarumbeta la Mahiwa lina tundu la risasi: nimpe fundi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Babu alituachia tarumbeta la askari, anasema ni la vita vya Mahiwa, karibu na Lindi, Waingereza walipopigana na Wajerumani Oktoba 1917. Lina tundu la risasi, bomba limebonyea, na limeota kijani. Fundi hapa Lindi anataka kulinyoosha kwa nyundo, azibe tundu kwa gesi, kisha alisugue kwa ndimu na majivu ling'ae. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe. Kung'aa si kupona, na sijui nani aliwafundisha watu hivyo. Ndimu inakula zinki iliyomo kwenye shaba ya njano na kuacha mabaka mekundu. Majivu yanasaga kilichobaki. Angalia kwanza bombani na kwenye ukingo wa mdomo mpana: mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa chapa ya mshale mfupi. Ikiwapo, ndiyo ushahidi wenu kwamba lilikuwa la jeshi hilo, na msasa wa majivu unaifuta.

Tundu liacheni wazi. Kingo zilizokunjika ndani zinaonyesha risasi ilikoingilia, zilizochanika nje ilikotokea. Nyundo ikipita, basi. Moto wa gesi nao unayeyusha lehemu ya zamani kwenye viungo.

Kijani kigumu hakina neno. Kikiwa unga mpauko unaorudi kila ukipangusa, hiyo ni chumvi inakula shaba. Ukwangue kwa kijiti cha mwanzi na mswaki laini, vaa barakoa, kisha loweka tarumbeta kwenye maji ya betri (yale safi, si asidi!), ukibadilisha kila siku kwa wiki hivi. Likaushe kwa feni mchana kutwa, lifungie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Lishike kwa glavu. Jasho nalo ni chumvi. Wala usilipulize.

Darini kwenye popo, hapana. Kinyesi chao kinatoa amonia, ile gesi yenye harufu kali, na shaba iliyobonyea hupasuka kwa amonia, ufa ukianzia penye mbonyeo. Dawa nyingi za kung'arishia zina amonia hiyohiyo.

Halafu kuna wale wa "zebaki ya Mjerumani", wanaoamini kuwa vitu vya kale vina zebaki ya thamani iliyofichwa ndani, wanaokata vitu kama hivi kwa grainda wakitafuta utajiri. Ndani ya shaba ya njano mna shaba na zinki, hakuna zebaki. Wakimaliza, vipande vinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Siku wakiletewa bomu la mzinga ambalo bado lina kichwa (sehemu ya kulilipua), watalipiga gesi vilevile. Likionekana shambani, msiliguse, waiteni polisi.