Maswali ya Wasomaji: Sloti Zimekwisha, RAM Bado Ipo

Swali: Hifadhidata yetu iko kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva) ya KVM, mfumo wa Linux wa kuendeshea mashine hizo, inayosimamiwa na programu ya libvirt. Ilianza na GiB 8, kikomo ni GiB 32, na sloti (nafasi za kuchomekea vipande vya RAM) ni 16. Kila ikielemewa tunaichomekea MiB 512 bila kuizima. Sasa imefika GiB 16 na haikubali tena, ingawa seva ina RAM tele. Kuna hitilafu gani?

Jibu: Hakuna hitilafu, piga hesabu tu. MiB 512 mara 16 ni GiB 8; jumlisha na zile 8 za mwanzo upate 16. Mashine ina vikomo viwili: jumla ya RAM (`maxMemory`) na idadi ya sloti. Kila uchomekaji unakula sloti moja nzima, kipande kiwe cha MiB 512 au cha GiB 8. Ninyi mmemaliza sloti huku nusu ya kikomo ikiwa haijaguswa.

Vikomo hivi hupangwa QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, inapoanza, kwa hiyo itabidi muizime mara moja. Kuiwasha upya kutoka ndani, au kwa `virsh reboot` (virsh ni zana ya amri ya libvirt), hakusaidii, maana mchakato wa QEMU unabaki uleule na mipangilio yake ya zamani. Izimeni kabisa, fungueni `virsh edit`, futeni vile vipande 16 vya `<memory model='dimm'>`, kisha kwenye `<numa>` pandisheni RAM ya seli 0 (kundi la kwanza la vichakataji na RAM yake) iwe GiB 16. Hapohapo hakikisheni `currentMemory` inalingana na `memory`. Ikiwa ndogo, puto la RAM (kifaa pepe cha kurudishia seva RAM ya mashine) litainyang'anya mashine tofauti hiyo ikiwaka tu, nanyi mtaanza kusaka kosa lisilokuwepo.

Sloti zote 16 zitakuwa wazi tena. Safari hii ongezeni kwa GiB 2 au 4 kwa mkupuo:

`<memory model='dimm'><target><size unit='GiB'>4</size><node>0</node></target></memory>`

Hifadhini kama ram.xml, kisha `virsh attach-device hifadhidata ram.xml --live --config` (hapa `hifadhidata` ni jina la mashine). Mkisahau `--config`, kipande kitatoweka mashine ikizimwa.

Msikimbilie kuandika sloti 256 ati ndiyo mwisho wa QEMU. Moduli ya vhost, inayobeba mtandao wa mashine, kwa kawaida hupokea maeneo 64 tu ya RAM, na hilo ndilo litakalowakwamisha kwanza. Kikomo cha jumla nacho kisipaishwe bila sababu: anwani za RAM za biti 40, ambazo QEMU huzitumia isipoelekezwa vingine, huishia TiB 1, na mashine iliyopangiwa zaidi ya hapo haiwaki.

Swali: `virsh` inasema kifaa kimeunganishwa, lakini `free -h` ndani ya mashine haionyeshi ongezeko lolote.

Jibu: RAM imefika ila kerneli, yaani kiini cha Linux ndani ya mashine, haijaanza kuitumia. Endesha `lsmem`, ukiona safu zimeandikwa offline, toa amri `chmem -e 4g` kwa ukubwa ulioongeza. Ili usirudie kila mara, weka `memhp_default_state=online` kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Ikiwa mashine ilianza na RAM kidogo sana, tahadhari. Kerneli huweka baiti 64 za kumbukumbu kwa kila ukurasa wa KiB 4, yaani MiB 16 kwa kila GiB 1. Kuichomekea GiB 32 kwa mkupuo kunadai MiB 512, na kwa kawaida hizo huchukuliwa kwenye RAM ya zamani. Mashine ya GiB 1 inaweza kuanza kuua programu zake wakati uleule unapojaribu kuiokoa. Ongeza kwa hatua.

Swali: Naweza kuichomoa RAM baadaye?

Jibu: Kwa vipande vya dimm, usitegemee sana. Kipande hutoka kizima au hakitoki, na ukurasa mmoja tu wa kerneli usiohamishika unatosha kukizuia. `memhp_default_state=online_movable` huziepusha kurasa hizo na RAM mpya, lakini RAM ya namna hiyo isizidi mara tatu au nne ya ile ya kawaida, la sivyo kerneli itabanwa huku `free` ikionyesha nafasi tele.

Kama unajua tangu mwanzo kwamba utapandisha na kushusha, tumia virtio-mem, kifaa pepe cha RAM kinachoongezwa na kupunguzwa ukubwa mashine ikiwa inaendelea. Inahitaji QEMU 5.1, libvirt 7.9 na, ndani ya mashine, Linux 5.8 au mpya zaidi. Unaweka kifaa kimoja cha, tuseme, GiB 16, halafu unabadilisha kiasi kwa `virsh update-memory-device hifadhidata --requested-size 6GiB`. Mabadiliko hayali sloti, na RAM hutolewa kwa vipande vidogo, hata vya MiB 2. Ukiomba ishuke, huenda isifike chini kabisa ulikotaka. Angalia thamani ya `current` katika `virsh dumpxml` kabla ya kuigawia mashine nyingine RAM hiyo.