Uliza Mwalimu: Mbona Odysseus hashuki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Wanasema katika Odyssey, utenzi wa Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, kitabu cha 11, shujaa wake Odysseus anashuka kuzimu akiwa hai. Nimesoma mara mbili, naona anachimba shimo tu. Nimepitwa na nini? Na washairi hawa wanawapeleka watu wao huko kutafuta nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujapitwa na kitu. Umesoma kwa makini. Odysseus anafika kwa merikebu ukingoni mwa dunia, anachimba shimo la dhiraa moja kwa upanga, anamimina asali na maziwa, kisha mvinyo, kisha maji, ananyunyiza unga wa shayiri, anachinja kondoo. Kama umewahi kuona tambiko, kazi hiyo unaijua. Damu ikishaingia shimoni, wafu ndio wanaomjia yeye. Wanaoshuka hasa ni wengine: Inanna, mungu wa kike wa Wasumeri, watu wa kale wa Mesopotamia, anayevuliwa kitu kimoja katika kila lango, malango 7, hadi anafika uchi, na Aeneas, shujaa wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, anayeonywa kwamba kushuka ni rahisi, kazi ni kurudi.

Odysseus anatafuta njia ya kwenda kwao Ithaca, na anayeijua ni Tiresias, mwaguzi kipofu aliyekwisha kufa. Hiyo ndiyo sababu anayoitaja. Mimi nashikilia kwamba Homer alimleta pale kwa ajili ya mama yake. Odysseus alipokwenda vitani Troy alimwacha mama huyo, Anticleia, akiwa mzima. Sasa anamwona katikati ya wafu. Analia, na bado anamzuia asiiguse damu mpaka Tiresias azungumze kwanza. Mtoto anamshikia mama yake upanga! Mama akishakunywa damu ndipo anamtambua mwanawe.

Mama yangu alifariki Lushoto nikiwa chuoni. Habari ilinifikia siku tatu baada ya maziko. Nilikuwa na swali lile lile la Odysseus: mama, umekufa na nini? Ndiyo maana darasani, kila mwaka, nilikisoma kifungu hicho mwenyewe, sikumpa mwanafunzi. Anticleia anajibu kwamba si maradhi yaliyomwua, ni kumtamani yeye, mwanawe.

Odysseus anamkumbatia mara tatu, na mara tatu anamponyoka mikononi kama kivuli. (Virgil naye akampa Aeneas mara tatu hizo hizo mbele ya baba yake, Anchises.) Ndipo anamuuliza mama yake mbona hamngojei, ili walie pamoja hata huko kuzimu. Rudi usome kuanzia hapo, mwanangu, polepole.